Pasha gari la umeme kabla hujatoka, baridi ya Minnesota

Mambo vipi wapendwa, nipo nje hapa Minneapolis, saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 20 chini ya sifuri, vidole vinaniuma kwa hiyo twende fasta. Gari ni Tesla Model Y, hizi zilizoanza kutoka 2020 zikiwa na pampu ya joto, yaani mtambo unaovuta joto la nje kuliingiza ndani. Chomeka waya wa chaji, fungua programu kwenye simu, ingia kwenye ratiba, weka saa ya kutoka.

Hapo kwenye saa tulia. Natoka saa kumi na mbili, kwa simu ni 6:00 AM. Mke wangu aliweka 12, akatoka akakuta gari barafu tupu. Sita jamani, sio kumi na mbili!

Sasa gari halisubiri hiyo saa ifike ndo lianze, linaangalia baridi ya nje na hali ya betri linapiga hesabu lianze muda gani ili ukifungua mlango kuwe tayari. Sikia huo mvumo, kompresa ya hiyo pampu. Na umeme unatoka ukutani sio kwenye betri, hapo ndo napapenda, maana la petroli injini inakupa joto bure, hili letu kila joto la hita unalilipia kilomita.

Sasa tuseme uko njiani unaenda kuchaji. Weka kituo cha chaji ya haraka kwenye ramani ya gari, litaanza kupasha betri ukiwa bado barabarani. Betri ikiwa baridi ukaisukumia chaji ya haraka, lithiamu, ile madini ya ndani ya betri, inajipaka kama utando wa chuma na sehemu yake haitoki tena, kwa hiyo kompyuta inabana umeme mpaka ipate joto.

GUSA KITUO CHENYEWE. Mimi niligusa duka la jirani, parking ni ileile, gari likajua naenda kununua mkate, nikafika betri ya baridi nikakaa saa nzima na watoto nyuma wana njaa. Narudia, kituo chenyewe, uone skrini imeandika inapasha betri. Kama haijaandika, futa uweke upya.

Ngoja, kamera imeshika ukungu, humu ndani kushakuwa na joto... nafuta. Haya, ona pale karibu na asilimia, kile kialama cha bluu cha theluji, maana yake kuna chaji imefungwa na baridi. Bado kipo. Bado... kimeondoka! Chomoa waya twende kazini.