Gari kuukuu, pesa kidogo: uanzie wapi?

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani, karibuni tena. Leo boneti iko wazi, maana kuna swali mnaniuliza kila mara: "Kaka, nimenunua gari lililotumika, lina miaka kumi na tano, kila kona linadai. Nianzie wapi?"

Usianze na kinachokuudhi. Redio iliyokufa, rangi iliyopauka, kiti kilichochanika, vyote hivyo vitangoja. Mimi hutanguliza kinachoweza kuua watu, halafu kinachoweza kuua injini, halafu kinachoweza kukuacha njiani. Pesa ikibaki, ndiyo ya urembo.

Kwa hiyo tuanze na tairi. Nasogeza kamera hapa ubavuni. Mnaona herufi DOT? Msururu unaofuata unaishia na tarakimu nne. Hili limeandikwa 2319, yaani limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa huku mpira umezeeka na kuanza nyufa. Meno yenyewe, sheria za nchi nyingi hazitaki yawe chini ya milimita 1.6. Mimi sisubiri yafike huko, hasa msimu wa mvua.

Pedi za breki zikibaki milimita 3, badilisha. Kazi hii mtu makini anaweza kujifunza, lakini nawaomba sana: msiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, ya kushikilia ni stendi, tena kwenye sakafu ngumu na tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yametiwa kabari. Stendi mbili imara ninunue kabla ya seti ya spana, huo ndio msimamo wangu. Ukishafunga pedi mpya, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ndipo uliondoe gari.

Maji ya breki nayo husahauliwa. Hunyonya unyevu, na unyevu ukizidi yanachemka mapema. Ukiwa kwenye mteremko mrefu, pedali inazama mguuni. Watengenezaji wengi wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kama hujui kutoa hewa kwenye mfumo, hapo mwite fundi.

Injini sasa, na hapa ndipo kazi ndogo zinaokoa pesa nyingi. Oili ipimwe gari likiwa limesimama tambarare, injini imezimwa dakika chache. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena usome. Gari kuukuu kula oili kidogo si ajabu. Hatari ni kutokujua limekula kiasi gani. Kijiti kikitoka na oili nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imeharibika. Usiliendeshe tena.

Wengine mnaniambia, "Sisi hatuna barafu, kulanti, hiyo dawa ya maji ya kupozea injini, ya nini?" Jamani, kulanti si ya baridi tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu ndani ya rejeta na pampu ya maji. Maji ya bomba huacha chokaa kwenye vijia vyembamba, na rejeta huziba polepole mpaka siku injini inapochemka. Changanya kulanti na maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea betri, si asidi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto; ule mvuke unababua uso.

Filta ya hewa na plagi ni kazi rahisi. Betri ipime gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa. Injini ikinguruma isome kama 14. Ikibaki 12, kagua oltaneta, ile inayochaji betri, kabla hujanunua betri mpya.

Kazi moja sitawaambia mjifunzie nyumbani, nayo ni mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na vali. Kwanza soma kitabu cha gari ujue kama injini yako ni ya mkanda au ya cheni. Kwenye injini nyingi, mkanda ukikatika, pistoni zinagonga vali na injini inakufa palepale. Muuzaji asipokupa karatasi ya kuthibitisha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, na hela uliyookoa kwa kumwaga oili mwenyewe iende huko kwanza.