Springar Si Vals

Asanteni, wapiga yukulele wenzangu, wenye gitaa dogo la nyuzi nne. Nitaanza na lilelile, na wanaonifahamu waanze kucheka sasa: springar, ngoma ya Kinorwei ya mapigo matatu, si vals, ile dansi ya mapigo matatu yanayolingana. Najua karatasi ya muziki imeandikwa tatu kwa nne. Mnaona tatu, mkono unaanza wenyewe: chini, juu, juu. Acheni, jamani!

Chukueni springar ya Telemark, mkoa wa Norwei. Pigo la kwanza refu, la pili la wastani, la tatu fupi. Ukienda Valdres, bonde la hukohuko Norwei, mpango unageuka: la kwanza ndilo fupi, la pili ndilo refu. Karatasi haisemi hayo. Imewapangia mapigo matatu yanayolingana kama vigae. Hapo atatokea mtu aseme, "Si tuipimishe kompyuta?" Ipime nini? Urefu wenyewe hubadilika kwa mpigaji na kwa wimbo. Mtazameni anayecheza. Mwili unavyoshuka na kuinuka, pigo limo humo. Mpiga fidla wa kule hupiga ameketi huku akigonga sakafu kwa mguu, na wachezaji wanausikia. Kwa hiyo zoezi langu ni lile msilolipenda: yukulele wekeni chini, simameni, gongeni miguu mpaka jirani alalamike. Nyuzi baadaye.

Wengine hunibana: nyimbo za hardingfele, fidla ya Kinorwei, hazihamishiki kwenye chombo kingine, maana fidla ile ina nyuzi nne au tano za chini zisizoguswa na upinde, zinazovuma zenyewe. Sawa. Lakini mwaka 1901 Johan Halvorsen, mpiga fidla na mtunzi wa Norwei, aliziandika kwa noti nyimbo za Knut Dahle, mpiga fidla wa Telemark, na mtunzi mwenzake Edvard Grieg akazipeleka kwenye piano, 17 kwa jumla, zikachapishwa 1903. Piano, ndugu zangu! Chombo ambacho hata ukitaka kuteleza kidogo kati ya sauti mbili hakikubali. Kama zilivumilia piano, zitaivumilia yukulele. Ila Grieg alikuwa anaandikia jukwaa, watu wamekaa kwenye viti. Sisi tuna watu wa kuchezesha.

Mvumo tunaupata kwa kulegeza. Uzi wa E shusheni mpaka D, wa A mpaka G. Ukiwa na ile G nyembamba, yaani uzi wa nne wenye sauti ya juu, sasa una G mbili za sauti moja, moja kila upande. Wimbo upite kwenye uzi wa kwanza, ule wa nne uachwe uvume. Na msichape akordi kila pigo! Akordi zikijaa, wimbo unazama, na mkono unarudia vals yake.

Jambo jingine, haraka haraka: sauti zinazofuatana zigaweni kwenye nyuzi tofauti, ili ya kwanza iendelee kulia wakati ya pili inaingia. Mwenye G nene, ile ya sauti ya chini, atapata shida hapo, anione nje.

Halling, ngoma nyingine ya Norwei, yenye kurusha teke na kuangusha kofia iliyoinuliwa kwenye fimbo, nilikuwa nimeiandalia nusu saa. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, simameni, mguu wa kulia: Telemark kwanza.