Utumbo Unaovuja: Umeitwa Juma, Kaitika Hamisi

BARAKA: Karibuni tena. Mada ya leo nimepewa na shemeji yangu. Tumbo linamjaa gesi, akaenda mahali, akaambiwa utumbo wake unavuja. Kipimo laki tatu na nusu! Dada Rehema, wewe mtu wa maabara. Utumbo unavuja kama bomba?

REHEMA: (anacheka) Ungevuja hivyo, sasa hivi angekuwa chumba cha upasuaji. Ngozi ya ndani ya utumbo ni safu moja tu ya seli. Moja, kaka. Zimeshikana kwa viungio vinavyobana na kulegea. Vikilegea kupita kiasi, yanapenya yasiyotakiwa. Hilo lipo kweli. Hata diklofenaki, ile dawa ya maumivu, inaweza kulisababisha.

BARAKA: Basi si walimwambia kweli?

REHEMA: Ngoja. Walimpima nini?

BARAKA: Damu. Karatasi imeandikwa zonulini.

REHEMA: Nilijua tu! Zonulini ni protini inayolegeza vile viungio. Mtafiti Alessio Fasano na wenzake waliitangaza mwaka 2000. Shida ni vifaa vya kuipimia vinavyouzwa. Mwaka 2018 watafiti walivichunguza, wakakuta vinanasa protini nyingine kabisa.

BARAKA: Umeitwa Juma, kaitika Hamisi.

REHEMA: Na umeshalipa. Kipimo chenye mashiko ni cha sukari mbili. Unakunywa laktulosi na manitoli, halafu unakusanya mkojo kwa saa tano hivi. Manitoli ni ndogo, inapita kirahisi. Laktulosi ni kubwa, inatakiwa izuiwe. Mwili hauzitumii, kwa hiyo zilizopenya zinatokea kwenye mkojo. Hapo unalinganisha.

BARAKA: Laktulosi si ile dawa ya choo kigumu?

REHEMA: Hiyohiyo.

BARAKA: Mbona hospitalini hatupimwi hivyo?

REHEMA: Kwa sababu majibu yake hayamwambii daktari akupe dawa gani. Ni kipimo cha utafiti zaidi. Kule Haydom, Manyara, watoto wachanga walipimwa hivyo kwenye mradi wa utafiti wa MAL-ED, uliohusisha nchi nane. Hebu fikiria kumkusanyia mtoto mchanga mkojo saa zote hizo! Umembandika kamfuko, anajigeuza, kamebanduka. Lakini wale hawakuwa wanatafuta gesi. Walitaka kujua kwa nini mtoto anakula na hakui.

BARAKA: Sasa shemeji nimwambie nini?

REHEMA: Kama anaharisha muda mrefu, anapungua uzito au anaona damu kwenye choo, aende hospitali wapime choo, wingi wa damu, na seliaki, ule ugonjwa wa kudhuriwa na ngano. Pia aseme dawa zote anazomeza.

BARAKA: Ana zile za mgongo tu. Diklofenaki, kila siku tangu Ramadhani.

REHEMA: Baraka! Na hilo unaliacha mpaka mwisho wa kipindi?