Mwenezi Anapoomba Kura

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeambiwa kwamba wengi mliokaa humu mnasomea habari na mawasiliano, na kwamba wachache wenu mmeshaanza kuwaandikia wanasiasa hotuba. Hao wachache ndio hasa niliokuja kuzungumza nao, na wale wanaotamani kuwafuata.

Naanza na siku moja: tarehe 23 Machi 2017, Dar es Salaam. Yametangazwa mabadiliko ya Baraza la Mawaziri, na Nape Nnauye si Waziri wa Habari tena. Mchana anakwenda kwenye hoteli moja kuzungumza na waandishi, anazuiwa. Mtu aliyevaa kiraia anachomoa bastola mbele ya kamera. Nape anarudi garini, anachomoza kwenye paa la gari, na kutoka hapo juu anaanza kusema.

Picha ile mmeiona. Nawaomba muitazame tena kwa jicho la kazi yenu. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka minne alikuwa na kipaza sauti kikubwa kuliko vyote katika siasa za Tanzania, kile cha Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, yaani mwenezi, msemaji wa chama tawala. Siku ile alikuwa na koo lake tu.

Hadithi yake naifuata kwa sababu moja. Ni mtu aliyeishi pande zote mbili za kazi mnayoitaka: kusema kwa niaba ya wengine, na kusimama mwenyewe kuomba kura. Watu hudhani hizo ni hatua mbili za ngazi moja. Mimi naamini ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza inaacha deni ambalo ya pili hulilipa.

Ni mtoto wa siasa. Baba yake, Moses Nnauye, alikuwa mwanajeshi na kiongozi wa CCM. Mwaka 2008 kijana huyu aliingia kwenye mgogoro mkubwa ndani ya umoja wa vijana wa chama hicho alipohoji mkataba wa jengo la umoja. Mwaka 2010 akaomba kuteuliwa kugombea ubunge wa Ubungo, kura za maoni hazikutosha. Akawa mkuu wa wilaya ya Masasi. Kisha Aprili 2011, chama kikiwa kimetoka kwenye uchaguzi uliokitikisa, akapewa uenezi.

Hapo ndipo likaja neno gamba. Chama kitajivua gamba, kama nyoka, na kubaki na ngozi mpya. Maana yake waliotajwa katika kashfa za ufisadi wajiondoe kwenye uongozi. Wenye umri wa kukumbuka wanajua neno lile lilivyoenea, kuanzia vijiwe vya kahawa hadi kwenye daladala. Halikuhitaji maelezo, kila Mtanzania ameona gamba la nyoka njiani. Julai mwaka ule Rostam Aziz, mmoja wa waliolengwa, akaachia ubunge wa Igunga. Wengine hawakwenda popote. Na wapinzani wao Chadema, waliokuwa wakivaa magwanda, wakalichukua neno lenyewe wakalimalizia: vua gamba, vaa gwanda.

Hilo ni somo la kwanza, na natamani ningelipata mimi nikiwa na umri wenu. Neno zuri halina mwenyewe. Ukilitoa kabla ya tendo, mwenzako atalitumia kupima tendo lako, na kipimo hicho huwezi kumnyang'anya.

Alichokifanya vizuri zaidi, kwa maoni yangu, kilianza mwishoni mwa 2012, Abdulrahman Kinana alipokuwa Katibu Mkuu. Walizunguka nchi wawili hao, mkoa kwa mkoa, hadi 2015. Walilala vijijini, walishika majembe, wakasikiliza wakulima wakilia na mawaziri wa serikali ya chama chao wenyewe. Kutoka huko likazaliwa neno jingine, mawaziri mizigo. Nalisifu kwa sababu lilitoka kwa watu kwanza, ndipo likapandishwa jukwaani. Mwenezi aliyekaa ofisini asingelipata.

Tufike 2015. Jina la Edward Lowassa limekatwa Dodoma katika kumpata mgombea urais wa CCM, amehamia upinzani, na kwa mara ya kwanza watu wanaulizana kwa sauti kama CCM inaweza kushindwa. Ni mwaka huo mwenezi alisema chama chake kitashinda hata kwa goli la mkono.

Ninyi mnapenda mpira, sihitaji kufafanua. Goli la mkono ni goli ambalo mwamuzi hakuona, au ameona akanyamaza. Kwa mwanachama wa CCM mkutanoni lilikuwa kelele ya kutia moyo. Kwa aliyekuwa anajiandaa kupanga foleni alfajiri na kadi yake ya kupigia kura, lilikuwa tangazo kwamba foleni yake haina kazi. Mimi nililisikia kwa namna hiyo ya pili. Liliniuma, na linaniuma hadi leo, maana kura ndicho kitu pekee ambacho mama muuza vitumbua na mwenye kiwanda wanacho sawasawa.

Mwaka huohuo yeye mwenyewe aligombea. Aliomba jimbo la Mtama, Lindi, lililoachwa na Bernard Membe, akashinda. Rais Magufuli akamfanya waziri wa habari. Na hapa nitakaa kidogo.

Januari 2016 alisimama bungeni kutangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ni gharama. Wabunge wa upinzani walipinga, polisi wakaingia ukumbini. Novemba mwaka ule ikapita Sheria ya Huduma za Habari, ambayo waandishi walilalamikia makali yake. Kisha usiku wa tarehe 17 Machi 2017 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akaingia kituo cha utangazaji cha Clouds Media na askari wenye silaha. Waziri Nape akaunda kamati, akapokea ripoti yake, na kesho yake hakuwa waziri.

Hesabuni miezi. Kutoka siku aliyozima matangazo ya Bunge hadi siku aliyosimama juu ya gari akitafuta kusikika ni miezi 14. Sisemi hivi kumsuta, alilipa gharama halisi kwa kukitetea chombo cha habari, na naheshimu hilo. Nasema kwa sababu mshauri wa mawasiliano hufikiri daima yuko upande wa kipaza sauti unaosema.

Sasa njooni Mtama. Mwenezi anapima siku yake kwa vichwa vya habari. Mbunge wa Lindi anapimwa kwa korosho. Ukienda kule, neno kali halikusaidii. Utaulizwa salfa ya kupulizia mikorosho imefika au haijafika, mnada umefungua kwa bei gani, chama cha msingi cha ushirika kitalipa lini, na kangomba, wale walanguzi wa korosho, wananunua wapi usiku. Juni 2018, serikali ilipotaka kubadili utaratibu wa ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ambapo asilimia 65 ilitakiwa kurudi kwenye zao, Nape alisimama na wabunge wenzake wa kusini dhidi ya serikali ya chama chake. Walishindwa, fedha zote zikaelekezwa mfuko mkuu. Mwisho wa mwaka ule wakulima wakaigomea bei ya mnada, na serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likitumika kuisomba.

Mimi nakiona kile kipindi kuwa ndicho alichosikika kwa sauti yake mwenyewe. Hazikusikika kama hotuba za kuandikiwa. Hakukuwa na msemo wowote wa kukumbukwa, na hotuba zile hazikuacha neno mtaani hata moja. Zilikuwa na asilimia, kilo na magunia. Ninyi mliofundishwa kutafuta sentensi moja ya kubaki masikioni, zisikilizeni.

Mwaka 2019 zikavuja sauti za mazungumzo ya simu zake na za wakongwe wa chama, na Septemba akaenda Ikulu kumwomba Rais radhi. Sitaingia huko, mtu aliyerekodiwa kwa siri namwachia faragha yake.

Januari 2022, chini ya Rais Samia, alirudi kwenye wizara ya habari. Mwezi uliofuata akayafungulia magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa: Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Mwaka 2023 ile sheria ya 2016 ikarekebishwa, waziri akiwa yeye. Mkono uliofunga ukalegeza fundo, na hilo katika siasa zetu si jambo la kila siku.

Halafu Julai 2024, Bukoba. Amesimama na mbunge wa mjini pale, anamtia moyo mbele ya watu, anasema ushindi una njia nyingi, za halali na zisizo halali, na kwamba matokeo yanategemea anayehesabu na anayetangaza. Video ikaenea. Akaomba radhi, akaeleza kuwa ulikuwa utani. Siku chache baadaye uteuzi wake ukatenguliwa.

Sikilizeni sentensi ile ya Bukoba, kisha rudini 2015. Ni goli lilelile. Miaka tisa imepita, kiti kimebadilika mara kadhaa, mtu amepigwa na ameinuka, amejifunza bei ya salfa, na bado mdomo unaporuhusiwa kupumzika mbele ya wenyeji wake unarudi kwenye neno lililoupa umaarufu. Mwaka 2015 alikuwa mwenezi, likapita kama kejeli za kampeni. Mwaka 2024 alikuwa waziri na mbunge, mtu mwenye jina lake kwenye karatasi ya kura, na waliolisikia walikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa miezi minne tu mbele yao.

Nimemaliza yangu. Kuna kijana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja korosho. Naomba apewe kipaza sauti.