Chembe za Mkate na Mshumaa wa Saa Kumi

SHABANI: Msikilizaji, karibu tena. Leo tuko wawili tu mezani, mimi Shabani na dada yangu Mwanaidi. Hatukualika mgeni, kwa sababu leo mgeni ni dada mwenyewe. Alisomea udaktari Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, na siku nyingi namdai hadithi ya bibi aliyempangisha chumba. Dada, leo deni linalipwa.

MWANAIDI: Linalipwa, mdogo wangu. Nilihamia kwa yule bibi mwaka 2008, ana miaka 82. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni anavyokula mkate. Akimaliza, anafagia meza kwa ubavu wa mkono, taratibu, mpaka chembe zote ziangukie kiganja cha mkono wa pili, halafu anazimimina mdomoni. Kila mlo. Mimi nikadhani ni unadhifu wa wazee. Siku moja nikatupa kipande cha mkate kikavu kwenye pipa. Hakunigombeza. Alikitoa, akakipuliza, akakiweka juu ya hita. Kesho yake nikakikuta kwenye supu.

SHABANI: Na hakusema kitu?

MWANAIDI: Si siku hiyo. Alikuja kusema Novemba. Jumamosi ya nne ya Novemba, saa kumi jioni, na kule mwezi huo saa kumi giza limeshaanza kushuka, akawasha mshumaa akauweka dirishani. Nikachungulia nje. Ghorofa la mbele dirisha moja lina mshumaa, jingine, la tatu. Nikamuuliza, bibi, kafa nani? Akanijibu neno moja: "Kijiji."

SHABANI: Sasa msikilizaji wetu huenda hajawahi kulisikia jina la jambo lenyewe.

MWANAIDI: Holodomor. Holod ni njaa, na mor ni kufa kwa wingi, kama tauni inavyoua. Ni mwaka 1932 na 1933. Na naomba nieleweke hapa: haikuwa njaa ya mvua kukataa. Serikali ya Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti ambao Ukraine ilikuwa ndani yake, ilikuwa imewanyang'anya wakulima ardhi na mifugo, ikawasukuma kwenye mashamba ya pamoja, kisha ikawapangia kiwango cha nafaka cha kutoa ambacho hakikuwezekana. Vikosi vikaingia nyumba kwa nyumba na vyuma virefu vyenye ncha, wanadunga sakafu, wanadunga kuta, wanatafuta kilichofichwa. Tarehe 7 Agosti 1932 ikatoka sheria ambayo watu waliibatiza jina la sheria ya masuke matano. Ukiokota masuke shambani, hata yale yaliyobaki baada ya mavuno, umeiba mali ya umma. Adhabu ni risasi, au kifungo cha miaka 10.

SHABANI: Kwa masuke ya ngano!

MWANAIDI: Ndiyo maana ukienda Kyiv leo, kwenye makumbusho ya Holodomor, mbele yake kuna sanamu ya mtoto wa kike mwembamba, peku, amekumbatia masuke machache kifuani. Kila Muukraine akimwona anajua ameshika kosa la jinai. Na hayakuishia hapo. Kijiji kilichoshindwa kiwango kiliandikwa kwenye "ubao mweusi", hakipelekewi chumvi, wala kiberiti, wala mafuta ya taa. Januari 1933 ikaja amri wakulima wasitoke Ukraine kwenda kutafuta chakula kwingine. Walinzi kwenye stesheni za treni wanawageuza warudi wakafie kwao. Wataalamu wengi wa idadi ya watu wanakadiria waliokufa Ukraine ni kati ya milioni 3.5 na milioni 4.

SHABANI: Na yule bibi alipona vipi?

MWANAIDI: Kwa pete. Kulikuwa na maduka ya serikali yakiitwa Torgsin, ambayo hayakutaka pesa za kawaida, yalitaka dhahabu na madini ya fedha. Watu wakapeleka hereni, misalaba, pete za ndoa. Mama yake alitembea mpaka mjini na pete yake, akarudi na kifurushi cha unga. Bibi alikuwa na miaka 6. Aliniambia alikuwa anakumbuka kidole cha mama yake kuliko uso wake, kwa sababu ile alama nyeupe ya pete haikufutika haraka.

SHABANI: Dada, hapo nashindwa hata kuuliza.

MWANAIDI: Uliza tu. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kutouliza. Baada ya watu kufa, ikapigwa marufuku kusema kwamba walikufa. Mwaka 1937 ikafanyika sensa, hesabu ikaonyesha pengo la watu. Sensa ikafutwa, na wakuu wake wakakamatwa, wengine wakauawa. Mwandishi kijana kutoka Wales, Gareth Jones, alishuka kwenye treni Machi 1933 akatembea kwa miguu vijijini huko huko upande wa Kharkiv, akaandika alichokiona. Waandishi wenzake wa kigeni waliokuwa Moscow ndio waliomkanusha. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 50, huko Ukraine habari hii haikuwepo kitabuni wala redioni. Ilikaa jikoni. Ilikaa kwenye kiganja kile kinachofagia meza.

SHABANI: Nakukatiza kidogo, kwa sababu kuna mtu atasema, njaa ile haikuwaua Waukraine peke yao.

MWANAIDI: Na atakuwa sahihi. Wakazaki wa Kazakhstan walikufa vibaya mno miaka hiyo hiyo, na wakulima wa bonde la Volga pia. Ndiyo maana wanahistoria bado wanabishana kama neno sahihi ni mauaji ya kimbari. Bunge la Ukraine lilisema ndiyo mwaka 2006. Na Raphael Lemkin, mwanasheria aliyelibuni neno lenyewe, ambaye alisoma sheria Lviv, alisimama New York mwaka 1953 akasema hivyo hivyo. Hoja yake haikuwa njaa peke yake. Alitazama njaa pamoja na waandishi, mapadri na walimu waliomalizwa katika miaka hiyo, akaona ni taifa linaondolewa kichwa na mwili kwa pamoja. Mimi nakubaliana naye.

SHABANI: Lakini Kharkiv ulikuwa unasikia Kirusi.

MWANAIDI: Mji mzima. Hata bibi, sokoni na kwenye basi, Kirusi. Akifunga mlango tu, Kiukraine cha kijijini kwao. Kiukraine kilikuwa kimeshabanwa tangu enzi za wafalme wa Urusi. Mwaka 1876 iliwahi kukatazwa kuchapa vitabu kwa lugha hiyo. Ndiyo maana mshairi wao Taras Shevchenko, aliyezaliwa mtumwa wa shamba mwaka 1814, picha yake utaikuta ukutani kama ya mzee wa ukoo. Ila usidhani lugha ndiyo iliyowagawa. Kura ya uhuru ya Desemba 1991 walisema ndiyo asilimia zaidi ya 90, na hata Donetsk, mkoa ambako wengi huzungumza Kirusi, ndiyo ilivuka asilimia 80.

SHABANI: Na mambo yanayowauma wao wenyewe? Maana taifa hukumbuka lilichofanyiwa, likasahau lilichofanya.

MWANAIDI: Volyn, eneo la magharibi mwa Ukraine ya leo, 1943. Wapiganaji wa jeshi la msituni la Kiukraine, UPA, waliua maelfu kwa maelfu ya Wapolandi vijijini, wanawake na watoto. Watu hao hao wa UPA wanaheshimiwa Ukraine kama wapigania uhuru kwa kuwa walipigana na Wasovieti. Poland ikaudhika, na ina haki. Mwaka 2025 angalau walianza tena kufukua makaburi pamoja. Halafu kuna Babyn Yar pale Kyiv, ambako Wajerumani waliwapiga risasi Wayahudi 33,771 kwa siku mbili za Septemba 1941. Mnara wa Kisovieti wa 1976 uliandika "raia wa Kisovieti". Wayahudi hawakutajwa. Ugonjwa ni ule ule: mtu anauawa kwa jina lake, anakumbukwa bila jina.

SHABANI: Kuna kipande cha habari hii kipo kwetu. Nilipita Tengeru, karibu na Arusha, kwenye makaburi ya wakimbizi wa Poland waliofika Tanganyika mwaka 1942. Wengi wao Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu kutoka maeneo ambayo leo ni Ukraine na Belarus, wakapelekwa Siberia, ndipo wakaishia kwenye migomba yetu.

MWANAIDI: Eeh, na ardhi waliyotolewa ndiyo hiyo hiyo wanayobishania kumbukumbu.

SHABANI: Bibi yuko hai?

MWANAIDI: Alifariki kabla ya Urusi kuivamia Ukraine. Mjukuu wake bado yuko Kharkiv, tunapigiana simu. Ananiambia tangu 2022, kila siku saa tatu asubuhi, kuna dakika ya ukimya. Redioni unasikia mdundo wa saa, tik, tik, na watu wanasimama walipo. Na ameacha Kirusi. Lugha ya jikoni kwa bibi ndiyo anayonunulia nyanya sokoni sasa. Novemba iliyopita tuliongea kwa video, umeme umekatika, mshumaa mezani. Mwanawe akamuuliza mbona ile Jumamosi ya kumbukumbu waliuweka mshumaa dirishani wakati umeme ulikuwa haujakatika.

SHABANI: Akamjibu nini?

MWANAIDI: Akamtajia kijiji. Halafu akamtajia ndugu za bibi, mmoja mmoja. Walikuwa wanne.