Mzee Anasahau, na Tumbo Lake Je?

Assalaam alaykum, na shikamooni wazee wangu wa viti vya mbele.

Hapa Mombasa mzee akiuliza swali lilelile mara tatu chai haijapoa, tunasema ni uzee. Akipotea njia kati ya msikiti na nyumba aliyozaliwa, minong'ono inaanza: karogwa, ana jini. Mimi leo naja kuwazungumzia tumbo lake.

Daktari Alois Alzheimer alieleza ugonjwa huu wa kusahau, unaoitwa kwa jina lake, mwaka 1906 huko Ujerumani, baada ya kuupima ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki. Aliona mabonge yaliyoganda na nyuzi zilizosokotana. Leo twajua mabonge ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi ni protini ya tau. Amiloidi huanza kurundikana miaka mingi kabla mtu hajasahau jina la mjukuu.

Sasa, utumbo mpana umejaa bakteria, matrilioni kwa matrilioni. Wanakula tusichoweza kusaga wenyewe: nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, mchicha. Wakishakula hutoa asidi ndogondogo za mafuta zinazoingia kwenye damu na kuziamsha au kuzituliza seli za kinga, hata zile zinazokaa ndani ya ubongo. Tena kuna neva ya vagasi, inayotoka shina la ubongo hadi matumboni. Habari hupita pande zote mbili.

Ushahidi mzito umetoka kwa panya. Chicago, maabara ya mtafiti Sangram Sisodia iliwapa antibayotiki panya waliobadilishwa jeni ili wapate amiloidi. Mabonge yakapungua, lakini kwa madume tu. Majike hawakupata nafuu hiyo. Watafiti wakachukua kinyesi cha madume wenzao ambao hawakupewa dawa, wakawarudishia wale waliotibiwa. Mabonge yakarudi. Msicheke, hilo ndilo jaribio zuri kuliko yote, kwa sababu linaonyesha ni bakteria wenyewe, si dawa. Mwaka 2023 wenzao wa Cork, Ireland, walihamisha kinyesi cha wagonjwa wa Alzheimer kwa panya wazima, na panya wakashindwa majaribio ya kumbukumbu.

Mwaka huohuo St. Louis, Marekani, panya waliobadilishwa jeni ili wapate zile nyuzi za tau, wakalelewa bila bakteria kabisa, walipata madhara machache zaidi ya ubongo. Walipopewa zile asidi za mafuta, madhara yakaongezeka. Zilezile tunazosifiwa kila siku kwamba ni nzuri! Kwa hivyo mtu akikwambia bakteria huyu mzuri, yule mbaya, muulize: kwa nani, na lini?

Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Hukohuko St. Louis walipima watu 164 wenye akili timamu. 49 kati yao walikuwa na dalili za awali za ugonjwa, wao wenyewe bila habari, na bakteria wao walitofautiana na wa wenzao. Lakini kipi kilianza? Huenda ubongo unaougua ndio unaobadilisha hamu ya kula, na tumbo likafuata.

Mwaka 2019 China iliidhinisha kwa masharti dawa iliyotokana na mwani wa kahawia, iliyodaiwa kufanya kazi kupitia tumbo. Wataalamu wengi walitilia shaka. Ndugu zangu wa Kibuyuni mnaolima mwani, wenu ni wa aina nyingine, msianze kupandisha bei.

Kuna aliyeleta kikaratasi: je, anunue antibayotiki dukani ampe mama yake? Hapana, hata kidonge kimoja. Utamsababishia kuhara na usugu wa dawa. Na aliyeuliza maziwa lala: mpe kama chakula, si kama tiba. Mpimeni presha na sukari, na masikio pia, kwani ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 imeyataja yote matatu miongoni mwa mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kurekebishwa. Huyo mama anayejibu kombo huenda hasikii tu. Haya, kipaza sauti kipelekeni kule nyuma, kuna mkono umenyooshwa kitambo.