Usiibadilishe Pampu Kabla ya Kuukamata Umeme

Ndugu mafundi, na nyinyi vijana mnaojifunza umeme wa magari, asanteni kwa kuja. Leo tuzungumzie lile gari ambalo mwenyewe analileta gereji akiwa ameshakata tamaa. Limemzimia barabarani mchana wa jua kali, limekaa nusu saa, likawaka. Kwa fundi linafika zima kabisa, ukipiga starta linaitika kila mara. Fundi anatikisa kichwa, anasema, "Hii pampu ya mafuta." Mteja anatoa hela, pampu inabadilishwa, na wiki haijaisha gari limezima tena.

Msimamo wangu ni huu: pampu isiguswe mpaka uwe umeshuhudia umeme kamili unaifikia na yenyewe haizunguki. Kabla ya hapo unabahatisha, na unabahatisha kwa hela ya mwenzio.

Tukumbushane njia. Umeme unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, unasafiri na waya mrefu chini ya zulia hadi kwenye tangi, unaingia soketi ya pampu, halafu unarudi kwa waya wa erthi hadi kwenye bodi. Rilei haijiwashi; inaamrishwa na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Kwenye magari mengi ukifungua swichi bila kupiga starta, pampu inanguruma kama sekunde mbili kisha inanyamaza. Itaendelea pale tu kontroli boksi inapopata taarifa kwamba injini inazunguka, na taarifa hiyo kwa kawaida inatoka kwenye sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa shafti ya injini. Sensa hiyo ikichoka inaweza kukata ikipata joto na kurudi ikipoa, na lawama zote zikaenda kwa pampu. Kwa hiyo gari likigoma, angalia cheche za plagi kwanza. Cheche zikiwa zimepotea pamoja na mafuta, na sindano ya mzunguko wa injini kwenye dashibodi haitikisiki unapopiga starta, achana na tangi. Nenda kwenye sensa, swichi ya funguo, au rilei kuu.

Sasa mita, kile kifaa cha kupimia volti. Wengi mnachomoa soketi ya pampu, mnapima, mnaona volti 12, mnasema umeme upo. Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja tu utakuonyesha volti 12 vilevile. Pampu nyingi zinataka ampia 4 hadi 8. Chukua pini moja ya soketi iliyolegea, yenye upinzani wa nusu ohmu. Zikipita ampia 6, volti 3 zinapotea palepale, na wati 18 zinageuka joto ndani ya plastiki ndogo kama kidole. Plastiki inakuwa kahawia, pini inapoteza mkazo, upinzani unapanda, joto linazidi. Ikipoa, pini inashika tena. Ndiyo maana gari linazima mchana na linawaka jioni.

Kwa hiyo pimeni mzigo ukiwapo. Pampu ikizunguka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa pampu. Ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unaliwa. Halafu pima upande wa erthi, ambao wengi wanausahau: kutoka hasi ya pampu hadi hasi ya betri, isizidi volti 0.2. Kama pampu imeshanyamaza, chomoa soketi ufunge balbu ya taa kubwa ya wati 55, ukiiweka mbali na mdomo wa tangi. Inavuta ampia 4 na nusu hivi, karibu na pampu yenyewe. Mita ikisema 12 na balbu ikawaka kwa unyonge, tatizo umelishika.

Lakini vipi kama gari halitaki kuzima mbele yako? Hapo nawaomba muache haraka. Funga taa mbili ndogo za LED zenye rezista ya kupunguza umeme, uzilete kwenye dashibodi. Moja ifunge kati ya pini mbili za koili ya rilei, ule waya wa ndani unaoivuta swichi, zenye namba 85 na 86, ukizingatia chanya na hasi yake. Nyingine itoke pini 87, inayopeleka umeme kwa pampu, iende erthi. Usitumie balbu kubwa kwenye koili, maana kontroli boksi haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Mpe mteja gari, mwambie gari likizima aangalie ipi imezimika kwanza. Nyingine itafuata, kwa sababu injini ikisimama kontroli boksi yenyewe inakata rilei. Likigoma kuwaka, apige starta huku anazitazama. Zote mbili zikiwaka, kosa lipo baada ya rilei: waya, soketi, erthi, au kweli pampu. Ya koili ikiwaka peke yake, ni rilei au umeme unaoingia kwenye pini 30. Zote zikiwa giza, tafuta kwenye amri inayowasha rilei.

Rilei nayo ina hila zake. Honda za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 zilijulikana kwa jambo hili: rilei kuu ilikaa chini ya dashibodi, gari likiegeshwa juani haliwaki, ukifungua madirisha likapoa linawaka. Ukiifungua na kuitazama kwa lensi unaona mstari mwembamba wa duara kuizunguka pini, pale lehemu ilipopasuka. Kulehemu upya ilitosha. Wangapi walibadilishiwa pampu kwa ufa huo!

Na kwetu hapa kuna mgeni mwingine: alamu na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa ili kukata mafuta. Waya wa pampu umekatwa, umesokotwa na kuzungushiwa utepe. Ukanda wa pwani, chumvi na unyevu vinaingia, shaba inageuka kijani. Kabla ya kufungua tangi, ulizeni gari limewahi kufungwa alamu, kisha fuateni waya huo kwa mkono.

Ikithibitika umeme ni kamili na pampu kimya, gonga sehemu ya chini ya tangi kwa nyundo ya mpira. Ikiamka, brashi zake, zinazopeleka umeme kwenye mota ya ndani, zimekwisha, ibadilishe, na soketi iliyoungua iende nayo. Pini iliyoungua ukiifunga kwa pampu mpya itaanza kazi yake upya.

Tunaingia kwenye vitendo. Ondoeni kiti cha nyuma, milango yote wazi, kizima moto karibu, simu na viberiti viachwe nje. Kila kipimo cha umeme tutakichukulia kwenye rilei, isipokuwa kile cha soketi, na hicho nitawaonyesha mwenyewe kwanza.